Karatasi ya TSH Inasema Nini? Homoni za Tezi ya Shingo na Uhusiano Wake na Presha, Kisukari na Moyo

Neno tezi limebebeshwa mizigo mingi katika Kiswahili cha kila siku. Mtu akisema kwamba baba yake ana tezi, wengi wataelewa kuwa ni tezi dume. Mama akisema mtoto wake ana tezi, huenda anazungumzia mafindofindo ya kooni. Na anayepapasa uvimbe kwapani naye husema ameota tezi. Juu ya mkanganyiko huo umeongezeka usemi mwingine unaozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba fulani «homoni zake zimevurugika», na mara nyingi usemi huo hufuatiwa na bei ya chupa ya dawa inayodaiwa kuzisawazisha. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye presha au kisukari anapoambiwa na daktari akapime homoni za tezi, anarudi nyumbani akiwa hajui amepimwa nini, kwa sababu gani, na ile karatasi yenye herufi TSH inamwambia habari njema au mbaya.

Tezi inayozungumziwa hapa ni moja tu. Iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, ina umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa, na kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Kamusi huiita dundumio, na hospitalini husikika zaidi kama tezi ya thairoidi. Homoni, kwa upande wake, ni kemikali ambayo tezi huimwaga ndani ya damu ili ikatoe maagizo mahali pengine mwilini. Mwili una homoni nyingi za kazi tofauti, zikiwemo insulini na zile za uzazi, na ndiyo maana kauli kwamba «homoni zimevurugika» haina maana yoyote mpaka msemaji aseme ni homoni ipi, imepanda au imeshuka, na kwa kiasi gani.

Tezi ya thairoidi hutengeneza homoni mbili kubwa, T4 na T3. Tarakimu hizo zinahesabu chembe za iodini zilizomo katika kila homoni, yaani nne na tatu. Iodini ndiyo tuliyozoea Tanzania kuiita madini joto, jina zuri, ingawa lisimfanye mtu adhani kwamba chumvi yenye madini hayo humpasha joto anayeila. Kazi ya homoni hizi ni kupanga kasi. Jiko la mkaa lina kimlango cha hewa chini yake: ukikifungua chote, makaa huwaka kwa nguvu na kwisha upesi, ukikifunga, chungu hukaa jikoni mchana kutwa na maharage yasiive. Karibu kila sehemu ya mwili, kuanzia moyo, ini na figo hadi utumbo, misuli, ngozi na ubongo, ina kimlango cha namna hiyo, na homoni za tezi ndizo mkono unaokisogeza. Hapo ndipo unapoanza uhusiano wake na magonjwa sugu, kwa sababu kasi ikibadilika huku juu, hakuna kiungo kinachobaki salama kabisa.

Homoni hizo mbili hazifanani kwa matumizi. Sehemu kubwa ya kinachotoka kwenye tezi ni T4, ambayo ni kama mahindi ya ghalani: hukaa muda mrefu, lakini hayaliwi hivyo yalivyo. Ini, figo na viungo vingine huchukua T4 na kuisaga iwe T3, ambayo ndiyo unga unaopikika. Nusu ya T4 iliyomo mwilini huchukua takriban siku 7 kwisha, ilhali nusu ya T3 huisha haraka zaidi, ndani ya siku moja hivi. Jambo hili lina faida yake kwa mgonjwa, kwa maana anayetumia vidonge vya T4 anaweza kumeza kimoja kwa siku na ghala lake likabaki na akiba.

Sasa tuje kwenye TSH, ambayo ndiyo chanzo cha mkanganyiko mwingi. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Hutoka kwenye tezi ndogo ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamuru tezi ya shingo ifanye kazi. Fikiria mama aliyemtuma mwanawe kisimani. Mtoto akileta maji kwa wakati, mama huzungumza kwa sauti ya kawaida. Mtoto akichelewa na mtungi ukiwa mtupu, sauti ya mama hupanda, na kadiri maji yanavyokosekana ndivyo anavyozidi kupaza. Na siku mtoto akileta ndoo juu ya ndoo mpaka sebule ikafurika, mama hunyamaza kabisa. TSH ni sauti ya mama. T4 ni maji. Ndiyo maana TSH iliyo juu humaanisha kwamba tezi ni mvivu, na TSH iliyo chini humaanisha kwamba tezi imezidisha. Wengi husoma kinyume, wakaona namba imepanda wakasema homoni zao ni nyingi, kisha wakaanza kutafuta dawa ya kuzipunguza, jambo ambalo lingewaongezea ugonjwa walio nao.

Maabara nyingi huchukulia TSH kati ya 0.4 na 4.0 kuwa ya kawaida kwa mtu mzima, ingawa mipaka hutofautiana kidogo kulingana na mashine, umri na ujauzito. Kuna jambo moja kuhusu namba hii ambalo lingefaa kuandikwa kwenye karatasi yenyewe: mama huyu ana sikio jepesi mno. T4 ikipungua kidogo tu, TSH hupanda maradufu. Kwa hiyo TSH ya 6 haimaanishi kwamba mtu amepungukiwa kwa nusu, na mara nyingi T4 yake bado iko ndani ya mipaka.

Tezi inaposhindwa kutoa homoni za kutosha, vimlango vya jiko hufungwa kote mwilini. Mtu huchoka, huhisi baridi wakati wenzake wanatoa jasho, hupata choo kigumu, ngozi hukauka, nywele hukatika, hedhi huwa nzito au hupotea, na mawazo huenda taratibu. Dalili zote hizi ni za kawaida mno katika maisha, na hapo ndipo ugonjwa unapojificha. Kilicho muhimu zaidi kwa mada yetu ni yale yasiyoonekana. Ini hutumia homoni hizi kudumisha milango inayonyonya lehemu (kolesteroli) mbaya kutoka kwenye damu. Homoni zikipungua, milango hupungua, na lehemu hubaki ikizunguka na kujiganda kwenye mishipa. Mishipa yenyewe hukakamaa, na namba ya chini ya presha, ile inayoandikwa baada ya mstari, hupanda. Moyo hupiga polepole. Figo huchuja kwa uvivu na kipimo cha kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu, hupanda kana kwamba figo zimeanza kufa, ilhali mara nyingi hurudi vizuri homoni zikirudishwa.

Hebu tumtazame mgonjwa wa kubuni, mama wa miaka 52, ambaye lehemu yake imekataa kushuka. Anapewa dawa ya kushusha lehemu ya kundi la statini, anaanza kuumwa misuli, anaiacha. Presha yake nayo inaongezewa kidonge cha pili. Hakuna aliyekosea katika kila hatua ikitazamwa peke yake, lakini hakuna aliyepima TSH, na upungufu wa homoni za tezi huongeza uwezekano wa statini kuumiza misuli. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha uhusiano kati ya tezi hii na magonjwa sugu: ni mara chache tezi ikawa ndiyo mzizi wa presha au kisukari cha mtu, lakini ikisahaulika, magonjwa hayo hugoma kutulia hata mgonjwa akimeza dawa zake kwa uaminifu.

Upande wa pili ni tezi iliyozidisha. Moyo huenda mbio hata mtu akiwa amelala, mikono hutetemeka, jasho humtoka, chakula kinaliwa na mwili hauoneshi, na usingizi hukimbia. Hatari kubwa hapa ni moyo kupoteza mpangilio wa mapigo, hasa kwa watu wenye umri mkubwa, kwa sababu vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka badala ya kusukuma, damu hutuama humo, huganda, na bonge likisafiri hadi kwenye ubongo mtu hupata kiharusi. Ndiyo sababu mzee anayefika hospitali na mapigo yasiyo na mpangilio hupimwa tezi hata kama shingo yake ni laini kabisa. Mifupa nayo humomonyoka haraka kuliko inavyojengwa, na wanawake waliokoma hedhi huathirika zaidi.

Kuhusu kisukari, uhusiano una sura mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kasi: homoni zikizidi, sukari hupanda na mgonjwa huhitaji insulini zaidi, zikipungua, insulini hukaa mwilini muda mrefu, na dozi ile ile aliyoizoea inaweza kumshusha sukari hadi akazimia. Ya pili ni ya kinga. Kisukari cha aina ya kwanza hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia kongosho, na kinga iliyokwisha kosea mara moja ina tabia ya kukosea tena. Kati ya asilimia 15 na 30 ya wenye kisukari cha aina hiyo hupata pia shambulio la kinga dhidi ya tezi ya shingo, na ndiyo maana huchunguzwa tezi mara wanapogundulika. Kisukari cha aina ya pili, kile cha watu wazima wengi, hakina undugu wa namna hiyo, na anayeuza dawa ya tezi kwa ahadi ya kuponya kisukari hicho anauza maneno.

Magonjwa mawili ya kinga dhidi ya tezi yana majina ya madaktari walioyaeleza. Robert Graves wa Ireland aliandika mwaka 1835 kuhusu wagonjwa wenye moyo wa mbio na tezi iliyovimba, na leo ugonjwa wa Graves ni sababu kubwa ya homoni kuzidi. Hakaru Hashimoto wa Japani alieleza mwaka 1912 tezi zilizojaa chembe za kinga, na ugonjwa wake ndio unaoongoza kwa kupunguza homoni katika nchi zenye iodini ya kutosha. Yote mawili huwapata wanawake mara kadhaa zaidi kuliko wanaume.

Lakini kwetu, kwa miaka mingi, sababu iliyotangulia nyingine zote ilikuwa chumvi isiyo na iodini. Tezi ikikosa malighafi, hupanuka ili inase kila chembe inayopita, na huko kupanuka ndiko kunakoitwa rovu au goita. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kuanzia Iringa, Mbeya na Rukwa hadi Ruvuma, zilijulikana kwa rovu kwa sababu mvua na mmomonyoko wa karne nyingi umeiosha iodini kutoka kwenye udongo wa milima, na chakula kinachoota humo hakiwezi kutoa kisichokuwepo. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta jambo lililowashangaza: upande wa kaskazini ulikuwa na rovu nyingi kuliko kusini-magharibi, ingawa iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Kidole kilielekezwa kwenye muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa na kuanikwa vizuri huacha sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kemikali inayozuia tezi kunyonya iodini. Palipo na iodini ya kutosha, kemikali hiyo haina madhara makubwa. Palipo na uhaba, humalizia kazi.

Kisa hicho kinasaidia kupima onyo linalosambaa mitandaoni, kwamba mwenye matatizo ya tezi aache kabichi na sukuma wiki kabisa. Mboga hizo zina kemikali za jamii hiyo, ni kweli, lakini zikipikwa na kuliwa kwa kiasi cha kawaida na mtu anayepata iodini yake, haziwezi kuiangusha tezi. Tezi iliyoshambuliwa na kinga, kwa upande mwingine, haitapona kwa mtu kuacha kabichi.

Pwani kuna dhana nyingine, tena yenye mantiki ya kuvutia: sisi tunakula samaki na chumvi ya bahari, iodini itatupungukiaje? Chumvi inayovunwa kwenye mabwawa ya ufukweni hubaki na iodini kidogo mno, isiyotosha kwa lolote, isipokuwa iongezwe kiwandani au kwa mashine ya kunyunyizia. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionesha kwamba Pemba, kisiwa kilichozungukwa na bahari na kinachovuna chumvi yake, ilikuwa na upungufu mkubwa wa iodini kuliko Unguja, kwa kuwa chumvi yenye madini joto ilikuwa karibu haipatikani katika nyumba za huko.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mjamzito 250, kwa sababu katika miezi ya mwanzo mtoto aliye tumboni hutegemea homoni za mama yake kujenga ubongo. Hapa mwenye presha huuliza swali la haki: nimeambiwa nipunguze chumvi, na ninyi mnaniambia chumvi ndiyo dawa ya tezi, nimsikilize nani? Hesabu inamjibu. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, na chumvi yenye miligramu 30 za iodini katika kilo moja hutoa mikrogramu 150 kwa gramu hizo 5. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuongeza chumvi kwa ajili ya tezi. Inatosha hiyo kidogo inayoliwa iwe na iodini, ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu, na itiwe mboga inapokaribia kuiva. Chumvi ya mawe inayosifiwa kuwa ya asili zaidi haina sifa hiyo.

Wala iodini nyingi si bora kuliko ya kutosha. Chumvi yenye iodini ilipoingia kwa kasi Kivu na Zimbabwe katika miaka ya 1990, baadhi ya watu waliokuwa na rovu za siku nyingi walipata ghafla ugonjwa wa homoni kuzidi, kwani tezi zao zilikuwa zimezoea kunyakua kila chembe na baadhi ya vinundu vyake vilikuwa havisikii tena amri ya TSH. Dawa ya moyo iitwayo amiodaroni nayo ina iodini zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, ikaweza kuipeleka tezi upande wowote, juu au chini, hivyo anayeitumia hupimwa mara kwa mara.

Rovu, ikumbukwe, ni habari ya ukubwa, na homoni ni habari ya kazi. Mtu anaweza kuwa na shingo kubwa na vipimo vyote vikawa sawa, na mwingine mwenye shingo nyembamba akawa na TSH ya 40.

Eneo lenye ubishi wa kweli, hata miongoni mwa madaktari, ni lile la katikati: TSH imepanda kiasi, tuseme 6 au 7, lakini T4 iko kawaida na mtu analalamika uchovu. Je, apewe dawa? Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watu 737 wenye umri wa miaka 65 na zaidi walio katika hali hiyo, nusu wakapewa levothairoksini, yaani vidonge vya T4, na nusu kidonge kisicho na dawa, na uchovu wao haukutofautiana. Kwa wazee, basi, kukimbilia dawa kwa sababu ya namba peke yake hakuna msingi, na dozi ikizidi inaweza kuwaletea yale yale ya mapigo ya moyo na mifupa. Kwa mjamzito, au kwa mtu ambaye TSH imevuka 10, mizani huelemea upande wa kutibu. Kabla ya uamuzi wowote kipimo hurudiwa baada ya wiki au miezi kadhaa, maana TSH iliyopanda kidogo hushuka yenyewe kwa watu wengi. Vilevile mgonjwa mahututi kwa nimonia au moyo anaweza kuonekana na T3 ya chini wakati tezi yake haina kasoro. Mwili umepunguza moto makusudi.

Suala la unene linastahili ukweli bila kupaka sukari. Upungufu wa homoni huongeza uzito kwa kilo chache, nyingi zikiwa maji na chumvi, na mtu aliyeongezeka kilo 30 hawezi kuipelekea tezi lawama zote. Kutumia vidonge hivyo vya T4 kupunguza unene bila ugonjwa wa tezi ni kujitengenezea kwa mkono ugonjwa wa homoni kuzidi, pamoja na moyo wake.

Aliyeandikiwa levothairoksini kwa haki huimeza kwa maji asubuhi tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai au kahawa, na vidonge vya madini ya chuma au kalisi huvitenga kwa saa 4. Wajawazito wengi hukosea hapa, kwa sababu vidonge vya chuma wanavyopewa kliniki huishika dawa ya tezi tumboni isinyonywe, na TSH hupanda ilhali dozi ni sahihi. Kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, muda ambao mama wa kisimani anahitaji kubadilisha sauti yake. Anayepima baada ya wiki moja anasikiliza ugomvi wa zamani.

Na kuna mtego mmoja wa mwisho ambao wauzaji wa virutubisho vya nywele hawautaji. Mtu ambaye nywele zinakatika, pengine kwa sababu ya tezi yenyewe, hununua vidonge vya biotini, aina ya vitamini, vya dozi kubwa, kisha huenda maabara. Katika mashine nyingi biotini huvuruga kipimo, ikaonesha TSH ya chini na T4 ya juu, yaani picha kamili ya tezi iliyozidisha kwa mtu ambaye tezi yake huenda imelala. Vidonge hivyo huachwa siku mbili au zaidi kabla ya kutoa damu, na anayechukua damu huambiwa kwamba vilikuwa vikitumika.